Kipepeo wa Sotik na Watu wa Kuhesabu

Mwaka 1892 jarida la Jumuiya ya Zuolojia ya London lilitoa maelezo ya kipepeo mdogo ambaye wataalamu wa Ulaya hawakuwa wakimjua. Aliyemweleza ni Emily Mary Bowdler Sharpe, binti wa Richard Bowdler Sharpe, mtaalamu wa ndege katika Makumbusho ya Uingereza. Emily alimwita kipepeo huyo Acraea sotikensis, kwa jina la Sotik, nchi ya Wakipsigis ambayo leo imo katika Kaunti ya Bomet. Reli ilikuwa bado haijajengwa. Mche wa kwanza wa chai ulikuwa bado haujapandwa. Lakini Sotik ilikuwa imeshaingia katika vitabu vya wadudu, na haijatoka humo mpaka leo.

Mdudu wa Sotik alifikaje London? Mwaka 1889 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilituma msafara kutoka Mombasa kwenda bara, ukiongozwa na Frederick Jackson. Pamoja naye walikuwamo Ernest Gedge, daktari Archibald Mackinnon, na James Martin, baharia wa Malta ambaye kwao aliitwa Antonio Martini. Kampuni ilitaka pembe, mikataba na njia ya Uganda. Jackson alivitaka hivyo vyote, na juu yake alitaka ndege na vipepeo. Oktoba ya mwaka huo watu wa msafara walifanya mapatano ya amani na wazee wa Kipsigis huko Lumbwa, ambako siku hizi ni Kipkelion, na kufikia Novemba walikuwa wamepiga kambi Mumias. Mizigo iliyorudi pwani baadaye ilikuwa na ngozi za ndege na wadudu waliokaushwa. Ndege walishughulikiwa na baba, vipepeo wakashughulikiwa na binti. Jackson mwenyewe hakusahauliwa: mwaka 1891 Emily alikuwa amempa jina lake kipepeo mkubwa wa misitu ya nyanda za juu, Papilio jacksoni.

Wala si ajabu kwamba mmoja wa waliotoka Sotik alikuwa wa kundi la Acraea. Hawa ni vipepeo wasio na haraka. Huruka taratibu, karibu na majani, kama watu wanaojua kwamba hakuna atakayewagusa. Miilini mwao mna kemikali zinazotoa sianidi, na ndege akishamdonoa mmoja mara ya kwanza hana hamu ya pili. Kinga hiyo humfaa mdudu mbele ya ndege. Mbele ya mtu mwenye wavu haimsaidii kitu.

Nchi iliyompa kipepeo jina haikupata utulivu wa kumtazama. Mwaka 1905, miaka 13 baada ya jina hilo kuchapishwa, serikali ya kikoloni ilipeleka jeshi Sotik kwa sababu ya ugomvi wa mifugo. Mamia ya watu waliuawa na ng'ombe wao wakaswagwa. Kisha ikafuata ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho zilitengwa kwa maofisa wa Uingereza waliolemaa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka mara moja, na mradi ukafa ukiwa mchanga. Kampuni za chai ndizo zilizonufaika: Brooke Bond iliingia Kenya mwaka 1924, na mwaka uliofuata James Finlay ikaja na kampuni yake iliyoitwa African Highlands. Mwaka 1934 ikatungwa sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa dini wa Kipsigis, na wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, mbali na baridi waliyozaliwa nayo.

Chai ilipokuja, hesabu nayo ikaja. Pengine hakuna pembe nyingine ya Kenya iliyohesabiwa kama vilima hivi. Mchumaji huvunja majani mawili na kichipukizi, hujaza kikapu, hupanga foleni kwenye mizani, na kilo zake huandikwa kabla jua halijatua. Ekari zilihesabiwa, miche ikahesabiwa, magogo ya mkaratusi ya kuwashia matanuru ya viwanda yakahesabiwa. Mwaka 1951 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa chai ya Afrika Mashariki, na huko Timbilil, nje ya mji wa Kericho, wataalamu wakaanza kuandika kila tone: mvua huku hupita milimita 2,000 kwa mwaka.

Hata mvua ya mawe ilihesabiwa. Mwaka 1965 ilinyesha Kericho siku 132, idadi inayotajwa hadi leo katika orodha za rekodi za dunia. Kwa mkulima wa chai hilo si jambo la kujivunia. Nusu saa ya mawe huweza kuchanachana majani ya wiki nzima. Kampuni zikaleta ndege zilizopanda hadi kwenye mawingu na kumwaga iodidi ya fedha, kwa matumaini kwamba mawe yatayeyuka au yatakuwa madogo kabla ya kufika chini. Wanasayansi nao wakauliza swali la kichokozi zaidi: kwa nini hapa? Mwaka 1982 Russell Schnell na mwenzake walichapisha jibu moja lenye kustaajabisha. Walionyesha kwamba takataka za majani ya chai yanayooza chini ya michai hutoa chembechembe zinazosaidia barafu kuanza kuganda, na miguu ya wachumaji huzitimua zipande hewani. Yaani mchumaji anaweza kuwa anachangia mawe yanayomkimbiza shambani saa nane mchana.

Kilo, ekari, mvua, mawe. Vipepeo walipewa majina tu.

Kazi ya majina iliendelea kwa bidii, na ina simulizi zake. Mwaka 1909 ilianzishwa jumuiya ya elimu ya viumbe ya Afrika Mashariki na Uganda. Leo watu huijua kama Nature Kenya, na Frederick Jackson alikuwa miongoni mwa waliokuwapo mwanzo wake. Jumuiya ikawa na jarida, kisha makumbusho madogo, kisha mwaka 1930 Nairobi ikafungua jumba la Coryndon ambalo baada ya uhuru lilikuja kuwa Makumbusho ya Taifa. Bingwa wa vipepeo katika mduara huo alikuwa daktari wa meno, Victor van Someren, aliyefika Kenya mwaka 1912. Wateja wake walijua kwamba daktari ana shughuli nyingine. Nyumbani kwake Ngong alifuga viwavi, akafuatilia maisha ya Charaxes, vipepeo wenye mabawa imara na mwendo wa kasi ambao hawajali maua hata kidogo. Wanachopenda ni utomvu wa miti uliochacha, matunda yaliyooza, na hata kinyesi cha wanyama.

Ulafi huo ndio uliomfanya mtu abuni mtego. Wavu wa duara, mfano wa kanda refu lililofungwa juu na kuachwa wazi chini, huning'inizwa kwenye tawi. Chini yake huwekwa kisahani cha ndizi zilizoiva kupita kiasi na kuchachuliwa. Kipepeo huja, hunywa, halafu akitaka kuondoka hupanda juu kama ilivyo desturi yake, na huko juu hakuna mlango. A. H. B. Rydon aliueleza mtego huo mwaka 1964, na leo watafiti wa misitu kutoka Amazon hadi Malaysia huuita mtego wa Van Someren na Rydon. Chombo hicho kilizaliwa Kenya, na kina sifa moja nzuri: kipepeo akishatambuliwa anaweza kutiwa alama bawani na kuachiliwa aende zake.

Kitale kulikuwa na mwingine, T. H. E. Jackson, ambaye si yule wa msafara. Alikuwa mkulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon, huko Kapretwa, na kwa miaka mingi aliwafundisha vijana wa Kiafrika kunasa, kukunja na kuandika vibandiko, kisha akawatuma Uganda, Kongo na mbali zaidi. Mkusanyiko wake ulikuwa miongoni mwa mikubwa kabisa barani. Mwaka 1968 aliuawa nyumbani kwake. Huko huko Kitale, Kanali Hugh Stoneham alikuwa ameanzisha makumbusho yake binafsi katika miaka ya 1920, na mkusanyiko huo ndio uliozaa Makumbusho ya Kitale yaliyofunguliwa mwaka 1974.

Ukisoma vibandiko vya zama hizo utaona jina la mwenye mali, mahali na tarehe. Kijana aliyekimbia na wavu kwenye mteremko wenye upupu, mara nyingi hayumo. Na kuna kingine kisichomo: waliobaki. Kibandiko husema kipepeo huyu alikuwapo hapa siku hii. Hakisemi kama walikuwa watatu au elfu tatu, wala kama mkusanyaji alipita siku ya pili asipate hata mmoja. Mkusanyaji alitafuta adimu, na wa kawaida alimpita bila kumtazama. Ndiyo maana droo za makumbusho zimejaa vipepeo wa nadra, na yule mweupe wa kila shamba hana historia.

Mwaka 1991 Torben Larsen, Mdenmaki aliyesomea uchumi, alikusanya karne nzima ya kazi hiyo katika kitabu kimoja kuhusu vipepeo wa Kenya. Alitaja takriban spishi 870. Uingereza nzima ina zisizozidi 60. Kwa mtu wa Kericho anayetaka kujifunza, idadi hiyo ni neema na ni mzigo, maana nyingi za spishi hizo zimejazana upande wa magharibi, ambako misitu ya Kongo ilipenyeza mkono wake wa mwisho. Msitu wa Kakamega peke yake una zaidi ya spishi 400. Msitu wa Mau, unaopakana na mashamba ya chai, uko juu zaidi na una baridi zaidi, kwa hiyo una wachache, ila miongoni mwao wamo wale wa milimani wasioshuka bondeni.

Wako pia wanaodanganya. Papilio dardanus, anayepatikana katika misitu mingi ya nchi hii, ana dume la rangi ya manjano hafifu lenye mkia kwenye mabawa. Jike lake mara nyingi halifanani nalo hata kidogo, kwa sababu huiga sura za vipepeo wenye sumu, na majike ya mahali pamoja huweza kuiga spishi tofauti. Ilikuwa mwaka 1869 ndipo Roland Trimen, akiwa Afrika Kusini, alipothibitisha kwamba viumbe vilivyodhaniwa kuwa spishi mbalimbali ni wake wa bwana mmoja. Kiwavi wao hula majani ya miti ya jamii ya mlimau, hivyo hata ua wa nyumba huweza kuwa na kizazi kizima.

Lakini mdanganyifu mkubwa kwa mtu anayehesabu msimu unapoisha ni mwingine, Precis octavia. Wakati wa mvua ni mwekundu wa machungwa wenye madoa meusi. Mvua zikipungua, watoto wake hutoka wakiwa na rangi ya samawati iliyoiva, na upande wa chini wa bawa hufanana na jani kavu. Wataalamu walikuwa wameshawapa majina mawili, wakiamini ni spishi mbili, mpaka Guy Marshall alipowafuga huko Mashonaland, Zimbabwe ya leo, mwishoni mwa karne ya 19, akapata rangi moja kutoka kwa mayai ya rangi nyingine. Baridi au joto analolipata kiwavi ndilo lina usemi mkubwa. Katika vilima vya chai, ambako asubuhi ya Julai humfanya mtu avae koti zito, mabadiliko hayo hayangoji kiangazi cha kweli.

Hesabu ya vipepeo kwa msaada wa watu wa kawaida ilianza Afrika Mashariki kwa njia ya barua. Mwaka 1927 Carrington Bonsor Williams aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Alikuwa na shauku moja iliyomtawala maisha yake yote, yaani safari za vipepeo. Alikaa Amani hadi mwaka 1929, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake juu ya uhamaji huo. Hakuweza kuwa kila mahali, kwa hiyo alitegemea macho ya wengine walioona mto wa mabawa ukipita na wakajali kuandika. Tarehe gani? Walielekea wapi? Wangapi walipita kati ya mti huu na nguzo ile kwa dakika moja? Maswali mepesi hayo, ambayo mtoto wa shule anaweza kuyajibu, yaligeuza mshangao kuwa takwimu.

Wakazi wa nyanda za juu za Kenya wanaujua mto huo. Kuna miaka ambapo vipepeo weupe wenye mishipa myeusi, Belenois aurota, hupita kwa siku kadhaa wote wakielekea upande mmoja, juu ya mapaa, juu ya barabara, juu ya michai, pasipo kutua. Wa manjano hafifu, Catopsilia florella, huweza kufanya vivyo hivyo. Mwenzao Vanessa cardui huenda mbali kuliko wote: watafiti wamethibitisha kwamba vizazi vyake hupokezana safari kati ya Ulaya na Afrika kusini mwa Sahara, mzunguko wa kilomita zisizopungua 12,000.

Mbinu ya kutembea na kuhesabu ilipata kanuni zake Uingereza. Ernie Pollard, mtafiti wa kituo cha Monks Wood, alichoka na hesabu za kukisia, na katika miaka ya 1970 akajiwekea masharti. Njia iwe ile ile kila wiki. Mtembeaji aende mwendo wa kawaida na ahesabu wale tu wanaoonekana ndani ya sanduku la kufikirika lenye upana wa mita tano na urefu wa mita tano mbele yake. Jua liwepo, au joto litoshe. Asirudi nyuma kumfuata mzuri aliyempita. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kwa mpenda vipepeo, na ndilo linalotenganisha hesabu na uwindaji. Mwaka 1976 mbinu hiyo ikawa mpango wa taifa unaobebwa na watu wa kujitolea. Mwaka mmoja kabla yake Wamarekani walikuwa wameanza hesabu yao ya Julai, kwa mfano wa hesabu za ndege za Krismasi.

Mwaka 2010 shirika la Butterfly Conservation likarahisisha zaidi: mtu yeyote, dakika 15, mahali popote penye jua, mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti. Watu wengi mno wakaitikia. Mwaka 2024 kila hesabu ilipata kwa wastani vipepeo 7, wakati mwaka uliotangulia wastani ulikuwa 12. Idadi ndogo kuliko zote tangu mpango uanze. Shirika likatangaza hali ya dharura. Mtu anaweza kubisha kwamba ulikuwa mwaka wa mvua na baridi, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini wabishi na waliokubali walikuwa wakibishana juu ya namba, na namba zilikuwapo kwa sababu maelfu ya watu walikuwa wamekaa bustanini robo saa na karatasi.

Kenya haikuwa mgeni wa desturi hii, ila ilianzia kwa ndege. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno, mwalimu wa mambo ya viumbe ambaye pia alihariri jarida la watoto la Rainbow, alianza matembezi ya kuangalia ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi. Miongo ilipita, matembezi yakaendelea, na wengi wa waongozaji ndege wanaojulikana leo walipitia hapo wakiwa vijana wasio na darubini zao wenyewe. Tangu miaka ya 1990 watu wa kujitolea wamekuwa wakiungana na Makumbusho ya Taifa na Shirika la Wanyamapori kila Januari kuhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa. Nature Kenya ikawa na kamati ya wadudu, ambamo Dino Martins alifanya kazi kubwa ya kuwafundisha watu kumtazama nyuki na kipepeo pasipo kumpiga. Mwaka 2016 yeye na Steve Collins, mwasisi wa Taasisi ya Utafiti wa Vipepeo wa Afrika iliyoko Nairobi, walitoa kitabu cha mfukoni cha vipepeo wa Afrika Mashariki. Cha Larsen ni cha mezani. Hiki mtu anakwenda nacho shambani.

Pwani walikuwa wamepata njia nyingine ya kumfanya kipepeo aingie daftarini. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mwaka 1993 na Ian Gordon, uliwawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga viwavi na kuuza mabuu yao kwa maonyesho ya ng'ambo. Mkulima anayelipwa kwa kila buu hahitaji kuhimizwa kuhesabu.

Kericho yenyewe imewahi kuonyesha dunia thamani ya kuandika namba ile ile mahali pale pale kwa miaka mingi. Hospitali za mashamba ya chai ziliweka kumbukumbu za wagonjwa wa malaria tangu miaka ya 1960. Ugonjwa ulipoongezeka katika nyanda za juu, wataalamu walifarakana. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba hali ya hewa ya nyanda hizo, Kericho ikiwamo, haikuwa imebadilika kwa kiwango cha kueleza ongezeko hilo. Wengine wakapinga. Ubishi ukadumu miaka, mpaka mwaka 2011 Judith Omumbo na wenzake walipopitia upya vipimo vya kituo cha hali ya hewa cha Kericho vya kuanzia 1979 hadi 2009. Wakakuta joto limepanda takriban nyuzi 0.2 kila muongo. Ushahidi huo ulitokana na watumishi waliosoma kipimajoto kila siku na kuandika, bila kujua kwamba siku moja daftari lao lingeamua ugomvi wa wasomi wa mabara mawili.

Joto likipanda kwa kiasi hicho, mbu huona na kipepeo huona. Wale wa milimani hawana pa kukimbilia zaidi ya kupanda juu, na juu ya chai ni Mau, ambayo yenyewe imepungua. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Kanda za Chai za Nyayo, mikanda ya michai iliyopandwa kwenye kingo za misitu ili kuwazuia watu kuingia. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 60,000 za Mau zilifutwa katika orodha ya misitu ya serikali, na mwaka 2009 kikosi kazi cha serikali kilieleza kwamba katika miongo miwili hivi msitu huo ulikuwa umepoteza zaidi ya hekta 100,000. Namba za hekta zipo. Namba za waliokuwa wakiruka juu ya hekta hizo hazikuandikwa.

Mtu akitaka kutembea na kuhesabu katika nchi hii ya chai asianzie katikati ya michai. Huko hupita wachache tu, kwa maana mchai unaochumwa kila baada ya siku chache haupewi nafasi ya kuchanua, na chini yake hakuna magugu ya kulisha kiwavi. Utajiri uko kandokando: kwenye vipande vya msitu vilivyoachwa kufuata mito, kwenye ua wa nyumba za wafanyakazi penye mlimau na viazi vitamu, kwenye bustani ya miti ya Chagaik iliyopandwa na mkulima wa chai Tom Grumbley baada ya Vita Kuu ya Pili. Uko pia mahali popote uliposalia mti ambao Wakipsigis huuita tebeswet. Kiwavi wa Charaxes candiope hula majani ya mti huo, kwa hiyo anayekata tebeswet na kupanda mkaratusi hupata kuni za haraka na hupoteza kipepeo mkubwa wa dhahabu. Mkaratusi una kazi yake kiwandani, na hakuna haja ya kuutukana, ila meza yake kwa viwavi wa hapa ni tupu.

Kwa spishi 870 hakuna anayeanza na zote. Vikundi vya watu wa kujitolea kwingineko katika nchi za joto huchagua ishirini au thelathini wasiochanganyika kirahisi, kisha wengine huwaandika kwa jamii: weupe, Acraea, wenye mikia, wadogo wa samawati. Asiyetambulika hupigwa picha kwa simu na kupelekwa LepiMap, atlasi ya vipepeo na nondo wa Afrika iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Cape Town, au iNaturalist, ambako wataalamu hujibu. Acraea sotikensis anafaa kuingia katika ishirini za Bomet kwa heshima ya jina, ingawa ndugu zake wa rangi karibu na yake ni wengi, na picha ya chini ya bawa ni ya lazima kabla ya kumwandika.

Saa nazo haziwezi kunakiliwa kutoka Monks Wood. Pollard aliruhusu hesabu kuanzia saa tano kasorobo asubuhi hadi saa kumi kasorobo alasiri. Kericho, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda na joto la mchana, na mawingu hufunga wakati chakula cha mchana kikipakuliwa. Anayehesabu huku aanze saa tatu na nusu, umande ukishakauka na mabawa yakishapata moto, na amalize kabla ya saa saba. Daftari liwe la kurasa zisizolowa, njia iwe ile ile ya wiki iliyopita, na kwa Precis octavia zichorwe safu mbili, wekundu na samawati, kila moja na tarehe yake.